Tume ya Gari la Meya na Pilipili Hoho

Inatangazwa kwa wananchi wote wa mji wa Dolna Vishnya kwamba Tume ya Kutathmini Kurudishwa kwa Gari la Meya Kabla ya Mkataba Kwisha imemaliza kazi kwa mafanikio makubwa. Mwenyekiti wa tume ni mimi, Ognyan Delev. Mjumbe pekee pia ni mimi.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Manispaa ilikodi gari la kifahari la umeme kwa miaka minne, lenye viti vinavyokanda mgongo, na ili kulilipia tukafuta basi la kwenda mji mkuu, Sofia, kwa ajili ya hewa safi. Mambo yakaenda vizuri mpaka Septemba. Septemba kwetu kila nyumba inababua hoho za akiba ya baridi kwenye vitanuri vya umeme: gereji, ngazini, popote. Umeme ukawa unazimika kila saa, na gari halipati chaji.

"Delev," akaniuliza Meya Radostin Vlaykov, "tulirudishe mapema?"

Nikatafakari kwa kina, maana na mimi hupanda kiti cha nyuma. Kuvunja mkataba kuna faini. Hoho hazina mkataba na mtu. Tume ikapendekeza gari libaki na hoho zisubiri, Meya akapiga marufuku kubabua kwa umeme wa mji mpaka mkataba uishe.

Nyumbani, mama mkwe wangu Bibi Tsonka alikuwa amejaza ngazi kwa magunia ya hoho.

"Mkwe, zinaanza kulainika hizi."

"Mama, ni suala la miaka mitatu tu."

"Mitatu! Hebu nipishe huko! Baridi ikija utakula nini, viti vya gari?"

Swali hilo lilikuwa nje ya hadidu za rejea.

Ili kuwatuliza wananchi, Jumapili tukaandaa maonyesho ya gari kwenye uwanja wa mji. Kesho yake asubuhi Meya alitakiwa Sofia kuapishwa unaibu waziri, kwa hiyo alichangamka kupita kiasi. Mbele ya kamera ya televisheni akafungua buti, akaonyesha soketi.

"Ndugu zangu, gari hili halili umeme tu. Linatoa pia!"

"Linawasha hata kitanuri cha hoho?" akauliza Bibi Tsonka.

"Hata vitatu kwa mpigo, bibi!"

"Na huo si umeme wa mji?"

"Ni wa gari!"

Bibi Tsonka akawageukia wenzake. "Jamani, mmemsikia? Leteni."

Wakaleta. Magunia, mabeseni, viti vya kukunja, na rakia, pombe kali ya kwetu, ya kusogeza muda. Meya akanitazama. Nikaipitia amri yetu neno kwa neno, nikaikuta haina kasoro hata moja. Kamera ilikuwa bado inarekodi, basi akatabasamu na kupewa hoho amenye. Walibabua usiku kucha mpaka ya mwisho iliyoletwa siku ile, na moshi ukaingia hadi kwenye vile viti.

Asubuhi Meya akaketi garini na suti mpya. Gari likamkanda mgongo kidogo, likazima.

"Delev! Andika haraka: tume inapendekeza gari lirudishwe leo hii!"

"Mheshimiwa, mkataba unataka lirudishwe Sofia, likitembea lenyewe, si kwa kuvutwa."

"La kwako liko wapi?"

"Niliuza, Mheshimiwa, siku hili lilipofika."

Wengine wote wenye magari walikuwa bado wamelala, kwa sababu ya rakia. Meya akakimbia hadi kituo cha basi, jasho linamtoka. Pale benchini aliketi Bibi Tsonka, amepakata beseni, anamenya.

"Bibi, nakuomba, basi la Sofia linapita saa ngapi?"

Bibi Tsonka akamtazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa.

"Si mlilifuta, mwanangu? Kwa ajili ya hewa safi." Akasogea, akamwachia nafasi, akampa kisu. "Haya keti, umenye. Yamebaki magunia mawili."