Unyoya wa Jogoo Wangu Hauna Hatia

Ndugu Mhariri wa jarida la parokia,

"Sikio linalotoka damu haliingizwi kitu: si pamba, si mafuta, na hasa si unyoya wa kuku. Lifunike kwa kitambaa safi, uje zahanati." Ndivyo alivyotangaza Muuguzi Specioza baada ya misa, akinitazama mimi. Nimesoma vitabu vingi, lakini uonevu wa namna hii sijausoma popote. Napinga, kwa heshima:

1. Sisi wenye asili ya Mpimbwe tumekuna masikio kwa unyoya tangu enzi za babu zetu. Mwanamume akitaka kuwaza huupitisha unyoya sikioni, hufumba jicho moja, na wazo huja lenyewe. Anayepiga marufuku unyoya amepiga marufuku kuwaza.

2. Kweli, Jumanne damu ilinitoka sikio la kulia. Lakini mkosaji ni mlango, alioufungua mke wangu Rozalia ukanigonga kiwiko, unyoya ukiwa sikioni. Mbona mlango haukutangazwa kanisani?

3. Muuguzi anadai ngoma ya sikio huenda imetoboka. Na itoboke! Nyumba yenye dirisha ndiyo yenye hewa.

4. Shemeji yangu Mwandu alishauri nitie mafuta ya karanga yaliyopashwa moto. Muuguzi akamjibu, "Baba, hilo ni sikio, si kikaango." Mwandu ni mtu mwenye wajukuu!

5. Leo unyoya, kesho kijiti cha meno, keshokutwa tutakatazwa kukuna mgongo kwa gunzi. Na taifa linalowashwa halijengi kitu.

Kwa hiyo nadai Muuguzi amwombe radhi jogoo wangu hadharani. Nanyi wanaume wa Nsemulwa mnaotembea na manyoya mifukoni, nawaagiza: Jumatatu asubuhi tukutane mlangoni pa zahanati, kila mtu na unyoya wake mkononi.

Nisalimieni wanakwaya, wazee wa baraza, na hata Muuguzi, kwani ni dada yetu katika Kristo.

Ndimi, nisiyetikisika,
Maximilian, Nsemulwa

N.B. Wakati naandika haya nilikuwa nimeachiwa kulinda mpunga ulioanikwa uani. Rozalia amerudi, amekuta mkeka mtupu. Jogoo alikuwa anakula pamoja na kuku wote wa mtaa, upande wangu wa kulia, na majirani wanasema alikuwa akiwika. Sikusikia. Rozalia naye, akiwa upande huohuo, amesema mengi. Nimeona midomo tu. Wanaume wa Nsemulwa, manyoya yaacheni nyumbani. Aje mmoja wenu, akae kushoto kwangu, anisikilizie Muuguzi atakachosema. Radhi haihitajiki tena: jogoo yuko chunguni.