Maharage Yameungua Hewani

Leo nimeumbuka. Tena redioni, asubuhi, wakati Nachingwea yote na Ruangwa yote wanakunywa chai.

Nianze na kosa la mwanzo ili mjue nilikotoka. Nilipojipa kazi ya kutangaza mafuta ya ufuta ya kina mama wa Nambilanje (nasema nilijipa, maana hakuna aliyenifundisha, nimejifunza kwenye simu), niliandika taarifa ndefu iliyojaa "ubora wa hali ya juu" nikaituma ileile kwa kila mwandishi niliyepata namba yake. Hakuna aliyejibu. Samahani, mmoja alijibu: "Amina." (Nadhani hakufika mstari wa pili.)

Nikajirekebisha. Nikaacha kuomba tutangazwe, nikaanza kutafuta habari. Nikasikiliza redio moja ya Nachingwea wiki nzima mpaka nikajua nani anaendesha kipindi gani. Dada Zawadi wa kipindi cha asubuhi anapenda watu, hapendi sifa. Nikamwandikia ujumbe mfupi, wa kwake peke yake: kina mama wameazimwa mashine ya kukamulia mafuta, na mwenye mashine amesema wasipopata wateja Jumamosi hii sokoni Ruangwa, anaichukua.

Akajibu palepale: "Mlete msemaji wao. Anaongea moja kwa moja."

Furaha ilikaa kidogo tu. Halafu wasiwasi ukaingia. Msemaji ni Mama Somoe, mwenyekiti wa kikundi. Kimwera chake kinatiririka, Kiswahili chake ni cha sokoni, na kusoma hapendi. Akikwama je? Akisahau kutaja Jumamosi je? Akisema "mafuta mazuri" akanyamaza je?

Basi nikamtungia maneno, nikayarekodi kwa sauti yangu ili nimtumie kwenye simu. Nikarekodi, nikafuta. Nikarekodi, nikafuta. Mpaka nikaichukia sauti yangu mwenyewe, na ile ya mwisho nikaituma bila kuisikiliza. (Mimi! Mtu ninayerudi nyumbani kuangalia kama nimefunga mlango!) Chini yake nikaandika, mjukuu wake akamsomea: "Mama, kariri yote. Usiongeze, usipunguze."

Leo kwenye bodaboda nilikaa nyuma yake. Midomo yake ilikuwa inacheza njia nzima, upepo unachukua maneno. Nikajisemea, hapa nimepata msemaji.

Tukaingia studio. Dada Zawadi akamkaribisha. "Mama Somoe, tuambie, mafuta yenu yana nini?"

Mama Somoe akakaa sawa, akafumba macho.

"Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Sisi kina mama wa Nambilanje tunakamua ufuta wetu wenyewe."

Safi! Nikakunja ngumi.

"Mafuta yetu hayana... hayana... aah, nimekosea. Naanza tena."

Nikaganda.

"Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi..." Akarudia yote, taratibu, bila haraka. Nikampungia mkono aache. Amefumba macho! "Mafuta yetu hayana mchanganyiko. Khoo! Khoo!"

Hakuwa na kikohozi. Kikohozi kilikuwa changu.

Kisha, kwa sauti nyembamba kabisa ya mama yangu mzazi, akasema: "Wewe Issa! Maharage yanaungua huku, unaongea na nani chumbani?"

Na kwa sauti nzito, yangu: "Mama bwana! Nafanya kazi ya maana!"

Fundi mitambo akalala juu ya meza. Dada Zawadi alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio. Mama Somoe akaendelea hadi mwisho: "Hapo tabasamu, mama, watu watalisikia." Akatabasamu, akafumbua macho.

Dada Zawadi akashusha mtandio.

"Mama," akauliza Dada Zawadi, "Issa ni nani?"

"Si huyo hapo anajificha nyuma ya mlango."

"Na maharage?"

"Hayo sijui yaliishaje. Alikata."

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, ya maharage hayakuwemo!" (Maikrofoni ilikuwa wazi. Bila shaka ilikuwa wazi.)

"Yamo! Kwani mimi kiziwi? Nyimbo za unyago nilifundishwa hivihivi. Ukiruka mguno mmoja, somo anayekufunda anakurudisha mwanzo. Wewe umesema nisipunguze. Haya, nimepunguza nini?"

Hakuwa amepunguza kitu. Nami pale nyuma ya mlango nikawa naiona mashine ikipakiwa kwenye guta, inaondoka Nambilanje kwa sababu yangu.

Simu ya studio ikaita.

"Mimi Masanja, mfugaji, tumehamia huku Ruangwa juzijuzi. Ya maharage nimeyaelewa. Ya mafuta bado. Sisi tunakula samli. Huo ufuta utanipa nini?"

Nikafungua mdomo nimnong'oneze Mama Somoe jibu. Nikaufunga. (Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya leo.)

Mama Somoe akajisogeza kwenye maikrofoni.

"Baba Masanja, njoo Jumamosi sokoni Ruangwa na samli yako. Mimi nakuja na ufuta wangu. Tunapika kisamvu, vyungu viwili, watu waonje. Ukinishinda, samli yako nailamba kwa kijiko mbele ya watu."

"Nakuja, mama!"

"Na nikikushinda?"

"Nanunua mafuta ya boma zima!"

Dada Zawadi akaivuta maikrofoni. "Jamani, Jumamosi kipindi hiki kinatokea sokoni Ruangwa. Nataka kuona nani atalamba kijiko."

Mimi na maneno yangu yote sikuwa nimewaza chungu cha pili.

Tumetoka nje, dereva wa bodaboda ananipokea: "Kaka Issa, maharage vipi?" Nimefika Ruangwa, muuza vocha: "Naona unatoka kwenye kazi ya maana!" Mama yangu naye kapiga simu: "Kwa hiyo wilaya mbili zinajua naunguza maharage? Wakati niliyemwachia jiko ni wewe?"

Sawa, chekeni. Ila chekeni Jumamosi, pale sokoni, mkiwa na chupa ya mafuta mkononi, maana mashine haiondoki nikiwa naona. Sasa hivi nawaandikia waandishi wengine wawili, kila mmoja ujumbe wake, habari ya samli na ufuta. Sifa sijaweka hata moja.

Na msemaji simtungii tena maneno. Namuuliza swali, halafu nanyamaza.