Tonge la Kerrow Mfunga Ngamia

Sogeeni, enyi wenye masikio, kuanzia Kotile hadi Lafey! Mwenye chai na aiweke chini, kwa maana nasimulia vita ambavyo hakuna redio iliyovitangaza: vita vya Kerrow, Mfunga Ngamia, dhidi ya tonge moja la wali.

Ulikuwa mwaka wa 1966, na nje kulikuwa na vita vya kweli, vya bunduki na amri ya kutotoka nyumbani, navyo havikuwa na mzaha. Kerrow alikuwa na vyake. Kiharusi kilimvizia alfajiri akitawadha, kikauteka mkono wake wa kuume pasipo kufyatua hata risasi. Na kwa kuwa muungwana hali kwa mkono wa kushoto, shujaa huyu aliyewahi kulaza chini madume ya ngamia akawa analishwa kama kinda nyuma ya pazia, miezi minne mizima, huku rafiki zake wakizunguka sinia ukumbini. Aibu ilimuuma kuliko ugonjwa.

Jamaa walimheshimu mno, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza: akikinyooshea kikombe mkono, watu watatu wameshakifikisha kinywani. Ndipo Adow, dresa wa hospitali, akasimama mlangoni akanena:

"Enyi jamaa wa Kerrow! Mkono usiotumwa hulala, na ninyi ndio mnaoutandikia mkeka. Ufungeni huu mzima kwa muda wa saa mbili kila siku, mgonjwa auamshe mwenziwe kwa kazi, leo kidogo na kesho kidogo."

Shamso, mkewe, akaufunga ule wa kushoto kwa kitambaa, fundo juu ya fundo.

"Ewe Shamso," Kerrow akalia, "miaka arobaini nimefunga ngamia, na leo nafungwa mimi! Wallahi, wangeniona wangecheka."

"Wangecheka, Baba Nunow, na hata wao hawalalamiki hivi. Haya, hamisha tende."

Tende ishirini, kutoka bakuli hili hadi lile. Siku ya kwanza ilihama moja, tena kwa kusukumwa. Wiki ya sita zikahama zote, naye jemadari akawala mateka.

Basi Ijumaa moja, baada ya sala, Kerrow akatoka nyuma ya pazia akiburuta mguu, akaketi kwenye sinia karibu na Billow, rafikiye wa ujana. Alijua fika kwamba akishindwa hapo hatarudi tena. Mkono ukashuka, ukauzingira wali, na wali ukakimbia pande zote. Billow akamwonea huruma, akainua tonge lake amlishe.

"Billow! Rudisha jeshi lako!" Shamso akanguruma kutoka jikoni. "Aliyekuja kupigana ni mume wangu!"

Kerrow akaukusanya wali upya, na tonge lake likapanda. Likavuka kifua, ndevu zikalitoza ushuru wa nusu nzima, na nusu iliyosalia ikaingia kinywani. Kerrow akatafuna huku akilia, wala hakuyafuta machozi.

Kisha Billow, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akimtengea minofu, akanyoosha mkono, akauvuta mfupa mnono upande wake mwenyewe.

"Uache hapo," akasema Kerrow.

"Njoo uuchukue."

Basi na iandikwe, wajukuu wasomewe: Ijumaa hiyo Kerrow bin Gelle alikula tonge moja kwa mkono wa kuume, na mfupa akaupigania.