Kiti cha Wanaoanza

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta mpya imefika kazini. Kwetu tunafua mashuka ya hoteli na hospitali, na mimi ndiye karani. Bosi ametukusanya kando ya mashine za kukaushia, akauliza nani anajua kutumia jedwali la kompyuta. Mkono mmoja ukanyanyuka. Nikautazama. Wangu!

Lawama zote kwa Mtunza Stoo. Alikuwa ananiangalia. Amebana pembe ya shuka kwa kidevu, kama anavyofanya akikunja peke yake, na macho yote kwangu. Mwanamume gani angeacha mkono mfukoni? Bosi akasema basi nimsaidie yeye kuingiza hesabu za stoo. Yeye akasema kumbe kuna watu wametuficha elimu zao siku zote hizi. Nimerudi nyumbani sijui nimepita njia gani.

Jedwali lenyewe sijawahi kulifungua. Si neno. Mtandaoni kuna jukwaa la wataalamu, unauliza, unajibiwa. Kuuliza si ujinga. Nimejiandikisha kwa jina la Bingwa.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi tu, swali. Anataka mashuka ya hoteli zote yajijumlishe yenyewe chini ya safu. Nikamwomba ninywe chai kwanza. Nikaenda nyuma ya boila na simu yangu, nikaandika jukwaani kwamba nina rafiki, si mimi, ambaye hajui kujumlisha.

Akajibu mmoja anayejiita Mzee wa Visanduku. Akasema hilo ni somo la kwanza kabisa. Akasema huyo rafiki yangu akitenga alasiri moja tu ajifunze misingi, hatahitaji kuuliza kipande kipande kama anayeokota mbegu. Akaambatisha na somo lenyewe. Ukurasa mzima na nusu! Nani ana muda huo, na mtu ananisubiri stoo?

Nikajumlisha kwa kikokotoo cha simu. Nikarudi, nikaandika jibu chini ya safu kwa kidole kimoja, kwa madaha. Akapiga makofi. Akanishika mkono wa shati, hapa, juu kidogo ya kifungo. Shati hili silifui. Nafanya kazi kwa dobi na nimekataa kufua shati.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Hospitali imerudisha mashuka yenye madoa, naye akabadilisha idadi yao kwenye jedwali. Jumla haikusogea. Akaniuliza mbona imeganda. Nikasema jumla ikishapatikana huwa inapumzika, itaamka baada ya chakula cha mchana. Alipokwenda kula nikaiandika upya. Aliporudi akaitazama, akanitazama, akabadilisha idadi tena. Makusudi, nadhani. Jumla ikabaki imelala.

Mbio, boila. Mzee wa Visanduku akauliza je, rafiki yangu aliandika fomula au aliandika jibu? Swali gani la kudhalilisha watu! Akaniomba nimtumie picha. Sikutuma. Akasema wengi wanaokuja jukwaani wanataka wabebwe mgongoni hadi sebuleni kwao wenyewe. Nimeripoti maneno yake kwa wasimamizi.

Niliporudi stoo hakuuliza kitu. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tabasamu lile ningelitazama mpaka nizeeke, hata kama lilikuwa la kunicheka.

Alhamisi, 7 Machi

Habari nzito. Tunafungua tawi ng'ambo ya mji. Mtunza Stoo anahamishiwa huko Jumanne ijayo. Anahama! Bosi akasema atakwenda na mtu mmoja wa kumsaidia kumbukumbu, ila huyo mtu lazima awe amekaa darasa la jedwali kwa wanaoanza. Mwalimu anakuja kesho, masomo ni alasiri tatu, kompyuta moja watu wawili.

Watu wawili! Viti viwili, bega kwa bega, alasiri tatu. Kisha tawi jipya, sisi wenyewe. Hata ningepewa nafasi ya kujipangia maisha nisingeyapanga vizuri hivyo.

Akaja mwenyewe mezani kwangu. Akasema ameandika jina lake, na kiti cha pembeni yake hakina mtu. Akasema anajua mimi ni bingwa tayari, lakini wakati mwingine hata bingwa hukumbuka alivyoanza. Akasimama. Akaanza kufuta vumbi kwenye ukingo wa meza yangu, ukingo usio na vumbi. Alikuwa ananisubiri. Neno lilikuwa moja tu, sijui, na lilikuwa limefika kwenye meno.

Nikasema wataalamu hawakai na wanaoanza. Akasema haya. Akaenda. Jamani, ile haya yake bado inaniuma hapa kifuani.

Saa moja baadaye kiti kikachukuliwa na Breki, dereva wa gari la kusambaza mashuka. Breki! Mtu aliyeuliza kompyuta inawashwa kwa ufunguo gani!

Dada yangu, ambaye naishi kwake, amesikiliza yote akichambua mboga. Akasema mdogo wangu, mficha uchi hazai. Nikamwambia mimi sina nilichoficha. Akacheka mpaka shemeji akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata mbinu. Nimejitolea kuwa msaidizi wa mwalimu! Nitakuwa darasani, karibu naye, na heshima yangu iko palepale.

Mwalimu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kufika hadi mtaa wa pili, akafurahi sana. Akanishukuru mbele ya darasa. Kisha akanikaribisha mbele niwaonyeshe wenzangu namna ya kujumlisha safu.

Simu mfukoni. Nikaandika bila kutazama. Jibu likaja: somo la kwanza, nilikutumia Jumanne. Nikaliambia darasa kwamba kompyuta hii si ya aina niliyozoea. Mwalimu akaniangalia kwa huruma, akasema basi nigawe kalamu.

Nikagawa kalamu.

Breki hana haya hata kidogo. Anauliza hiki nini, kile kwa nini, mwalimu rudia, mwalimu nimepotea tena. Kila akipotea, Mtunza Stoo anamwinamia, anaweka mkono juu ya mkono wake, wanakisogeza kipanya cha kompyuta pamoja. Wanacheka. Wote wawili hawajui, na wanacheka! Niliwapelekea kalamu ya pili ili nipate kusimama pale kidogo. Nikawapelekea na ya tatu.

Jumapili, 10 Machi

Jana darasa la pili, kalamu zilikuwa zimeshagawiwa, nikapewa kazi ya kufungua madirisha. Leo sina kazi. Dada na shemeji wamekwenda kusalimia wagonjwa. Nyumba kimya.

Nikafungua somo la kwanza. Kweli nimelifungua! Aya ya kwanza inasema uanze kwa alama ya sawasawa. Nikaielewa. Ya pili nikaielewa pia. Nikashtuka. Mambo yenyewe ni haya tu? Nikajiona nimekaa naye stoo, namwonyesha, ameweka kidevu begani kwangu badala ya shuka.

Hapo jukwaani akatokea mgeni mmoja akiuliza kitu chepesi kuliko hata changu. Nikamjibu. Kwa ukali kidogo, kama inavyomfaa bingwa. Nilimwambia jumla hupumzika. Akashukuru sana, wenzake wakanipinga, nikajitetea, wakaja na wengine. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limezama na somo sikuwa nimelifikisha aya ya tatu.

Nimemkumbuka sana leo. Hakuna sababu maalumu, ni kumkumbuka tu. Nilikwenda kusimama kwenye kamba ya nguo za dada, nikajaribu kukunja shuka kwa kidevu. Lilianguka kwenye matope.

Jumatatu, 11 Machi

Darasa limekwisha. Breki amepata cheti, amekibandika kwenye kioo cha gari, na ndiye atakayekwenda tawini.

Jioni Mtunza Stoo alikuja kuniaga. Hakukaa. Akasema ile jumla iliyolala, alijua tangu Jumatano, na alicheka peke yake njia nzima hadi kwao. Akasema viti vilipopangwa tu Alhamisi, kile cha pembeni yake alikiwekea mkoba wake. Mtu akija anamwambia kina mwenyewe. Mpaka nilipomwambia habari za wataalamu, ndipo akautoa.

Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia kwamba anajua sijui. Akajibu kwamba alitaka niseme mwenyewe. Akasema, na haya ni maneno yake hasa, kwamba alitaka tusijue pamoja.

Nikampa kalamu.

Jumatano, 13 Machi

Stoo bila yeye ni mashuka tu. Mpya aliyekuja anakunja kwa mashine.

Saa nane, ujumbe kutoka kwake! Kumbe Breki amechoka na kompyuta, anataka usukani wake. Nafasi iko wazi. Darasa jingine la wanaoanza linafunguliwa hukohuko tawini, yeye anarudia, na kiti cha pembeni yake ndicho pekee kilichobaki. Anasema hahitaji barua wala maelezo. Nimwandikie neno moja tu, kwamba sijui, naye ataliandika jina langu kwa mkono wake. Majina yanafungwa saa kumi.

Furaha iliyoje! Safari hii sikosei. Jambo kubwa kama hili halitaki pupa. Nikakimbilia boila, nikauliza jukwaani: mtu afanye nini ili akae darasa la wanaoanza, karibu na mtu fulani, bila kuonekana kwamba hajui?

Mzee wa Visanduku akajibu papo hapo. Amwambie hajui.

Jibu gani la ovyo hilo! Mtu umemfungulia moyo, anakujibu kama anafukuza kuku. Nimefungua akaunti nyingine, Bingwa wa Pili, nimeuliza upya kwa maneno mazuri zaidi.

Saa kumi kasorobo. Bado nasubiri wajibu.