Madoa kwenye Viazi Vyangu

Jumatatu, 6 Mei
Mvua, siku ya nne. Nimekuta madoa ya kahawia kwenye majani ya viazi, na ungaunga mweupe kwa chini. Mke wangu akasema ni ukungu, nimwite bwana shamba. Ili iweje? Jumamosi kikundi cha wakulima kinachagua shamba darasa, la wenzetu kujifunzia. Mpinzani wangu ni shemeji, kaka yake mke wangu, mwenye nyanya zake ng'ambo ya uzio. Mtu anayejisifu hata akipiga chafya! Simwiti mtu. Nitachuma majani mabovu, basi.

Jumanne, 7 Mei
Nimechuma kutwa. Mgongo hoi. Majani nimeyatupa nyuma ya uzio, upande wa shemeji, ambako macho ya mke wangu hayafiki. Viazi vimebaki kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Lakini doa? Hakuna!

Jumatano, 8 Mei
Madoa yamerudi na ukoo mzima. Mbinu mpya: nimeyamwagilia majani kwa juu, asubuhi na jioni, yang'ae. Mke wangu akauliza ni nani anayemwagilia shamba lililolowa. Nikamjibu utaalamu hauelezeki.

Ijumaa, 10 Mei
Jana sikuandika. Hasira. Mashina yamekuwa meusi, yananuka.
Leo shemeji kaja mbio na jani la mnyanya mkononi. "Shemeji, hiki nini tena?" Nikamwambia ni jua kali. Hatujaona jua wiki nzima! Akanishukuru, maskini. Roho ikaniuma hadi chakula cha mchana.
Kumbe mke wangu keshamwita bwana shamba. Bwana shamba akaenda moja kwa moja kwenye rundo langu la majani. Akasema ugonjwa huu hupeperushwa na upepo, hupenda unyevu, na viazi na nyanya huambukizana. Shemeji akaanza kung'oa mistari mitatu, nyanya zake ndiyo kwanza zinageuka rangi. Heri angenitukana.
"Nenda kamsaidie," mke wangu akasema. "Na umwombe radhi."
Nilikwenda. Nikaomba. Tukachimba shimo, tukaifukia minyanya.

Jumamosi, 11 Mei
Shamba langu limechaguliwa! Kisha bwana shamba akafafanua: wakulima waje waone ukungu ukiachiwa unafika wapi. Sikujali. Nilisimama mbele ya watu arobaini, nikaonyesha mashina kwa fimbo. Shemeji alicheka hadi akashikilia uzio. Nadhani tumepatana.

Jumapili, 12 Mei
Nimechimba viazi. Vingi vimeoza. Amri ya bwana shamba: vyote vifukiwe, hata chenye doa dogo, kisije kikapandwa, ukungu ukarudi. Vyote? Nimeokoa ndoo mbili. Vina doa dogo tu, kama ukucha. Vipo chini ya kitanda. Msimu ujao nitavipanda kando ya uzio wa shemeji, udongo wa pale ni mzuri. Mke wangu anauliza harufu hii ni ya nini.
Nimemwambia soksi.