Anwani Moja, Mtu Mmoja

Juni 1998, pale stendi ya Omurushaka, ilitangazwa kwa kipaza sauti kwamba taifa limechoka na anwani chafu. Kuanzia siku hiyo kila mfanyabiashara wa maharage, ndizi na kahawa angeingizwa kwenye Orodha Kuu, ili barua pepe zitakapoanza kuruka hewani zisitue kwa mtu asiyehusika. Asiyekuwamo hatapata kibali cha kuvusha mzigo mpakani Murongo. Watu walipiga makofi kwa nguvu, maana meza ya mtangazaji iliwekwa mbele ya basi la Bukoba, na basi lisingeondoka kabla ya makofi.

Mtangazaji alikuwa Bwana Kaijage, Mratibu wa Usafi wa Anwani, mtu wa Muleba, aliyevaa tai hata akienda msalani. Alikuwa na kompyuta moja, jenereta moja na ndoto moja: akisafisha majina mia tatu, angehamishiwa Bukoba kuwa Mratibu Mkuu, kwenye ofisi yenye zulia na dirisha linalotazama ziwa.

Majina yalikwama mia mbili themanini na tisa. Kaijage akaingiza wakuu wote wa ofisi kumi za jengo lake, yeye mwenyewe akiwemo. Likapungua moja. Akatoka hadi getini, kwa Athanasi, mlinzi, aliyekuwa na kikopo cha kahawa za kutafuna alizowauzia wapita njia.

"Athanasi, wewe ni mfanyabiashara."

"Mimi, mzee?"

"Tangu sasa."

Ikabaki kusafisha. Kanuni ilikuwa fupi: anwani moja, mtu mmoja. Kompyuta ikikuta watu wengi wenye sanduku moja la posta, inambakiza wa kwanza kwa alfabeti na kuwafuta waliobaki. Kaijage akabonyeza, jenereta likakohoa, na hadi saa saba mchana usafi ulikuwa umekamilika.

Nyaishozi nzima ilibaki na mtu mmoja. Huko hakuna mwenye sanduku lake. Wote hutumia la parokia, na barua zao huitwa nje ya kanisa Jumapili baada ya misa. Wafanyabiashara arobaini na saba, sanduku moja. Akabaki Anonciata, muuza maharage.

Kesho yake Anonciata aliingia ofisini. Kaijage akasubiri aamkiwe. Anonciata, aliyemzidi miaka ishirini, naye akasubiri. Alishinda Anonciata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wenzangu mmewapeleka wapi?"

"Wamefutwa, mama. Ni usafi."

"Hata Speciose? Mbona nimemwacha nyumbani anapepeta maharage?"

"Kwa mwili yupo. Kwa orodha hayupo."

"Maharage yao yameanza kuingia fukusi, baba. Wiki mbili tu, tutabaki na unga. Basi niandikie mimi kibali, nivushe ya wote."

"Mtu mmoja, gunia moja. Mashine imeshasema."

Anonciata akafikiri kidogo. "Na wewe barua zako zinafikia wapi?"

"Sanduku namba tisa," alisema Kaijage, kifua mbele. "La serikali."

"Lako peke yako?"

"La jengo zima."

Anonciata alimtazama kwa huruma kama anayemtazama mgonjwa, akaaga, akaondoka.

Ijumaa basi lilishusha bahasha kutoka Bukoba. Iliandikwa: Ndugu Athanasi, S.L.P. 9. Mlinzi akaifungua getini, akaisoma mara mbili, akaja kugonga mlango.

"Mzee, wanasema orodha yetu ni safi kuliko zote mkoani. Wanatoa pongezi."

Kaijage akanyoosha tai. "Endelea."

"Wananipongeza mimi, mzee. Sanduku tisa limebaki na mimi tu. Muhuri na vibali vyote nikabidhiwe. Halafu wananiita Bukoba nikawe Mratibu Mkuu."

"Huo ni wazimu!"

"Hapana, mzee. Ni usafi." Athanasi akakuna kichwa. "Ila Bukoba nitakataa. Geti nitamwachia nani?"

Athanasi hakuwa mtu wa makuu. Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne, alikuwa amegonga muhuri vibali vya Nyaishozi vyote arobaini na saba, akimwuliza kila mtu swali moja tu: "Una maharage?" Mchana lori likaelekea Murongo, Speciose yuko juu ya magunia anapunga mkono, mzima kabisa kwa mtu aliyefutwa.

Kaijage aliandika malalamiko, kurasa sita. Akakwama juu kulia, panapokaa anwani: sanduku tisa sasa lilikuwa la Athanasi. Ikabidi afunge safari hadi kwa Anonciata.

"Tumia la parokia, baba," alisema Anonciata. "Tuko arobaini na saba, na hatujawahi kubanana."

Jumapili ya tatu, Kaijage, Mlutheri tangu kuzaliwa, alisimama na tai yake nje ya kanisa la Kikatoliki, katikati ya akina mama. Katekista Polikarpi alikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti kila barua ya serikali, ili asiyejua kusoma naye asipitwe.

"Kaijage! Yuko wapi Kaijage?"

"Nipo. Nipe nitasoma mwenyewe."

"Ya serikali ni ya wote," alisema Polikarpi, akavaa miwani. "'Malalamiko yako tumeyapokea. Jina lako halionekani kwenye orodha, hivyo hatuna hakika kama upo. Endapo upo, mwone Ndugu Athanasi, getini, akuthibitishe.'"

Akina mama wakapiga makofi, tena kwa muda mrefu. Na hapakuwa na basi la kuwahi.