Nyumba Iliyonyweshwa Maji

Jumatatu, 7 Agosti

Kumekucha bila wingu. Upepo hakuna. Saa moja asubuhi na tayari mbwa wa jirani amelala chali chini ya gari, ulimi nje.

Ufa wa sakafuni umerefuka. Jana ulikomea kwenye jiko. Leo umefika mlango wa nyuma, umekata marumaru zangu katikati kama mtu mwenye haraka zake. Nimeweka chungwa sakafuni karibu na mlango wa mbele. Limejiondokea lenyewe, likapita sebule, likapita meza ya chakula, likagonga ukuta wa jikoni. Pah! Basi ni kweli. Upande wa jikoni umezama.

Na wakati wenyewe! Jumamosi fainali ya dhumna ya parokia inachezwa hapa kwangu. Zamu hii nimeingoja tangu binti yetu ajifungue, na mjukuu sasa anaota meno ya pili.

Saa nne akapita Bernadine Slovacek, mwenyekiti wa chama cha dhumna, eti kunisalimia. Macho sakafuni muda wote. Yeye anakaa kwenye nyumba ya marehemu babu yake, ya mbao, juu ya nguzo, na nguzo hizo anazitaja kama watu wanavyotaja watoto waliosoma. Akauliza kama ni kweli nyumba za mtaa wetu zimejengwa juu ya kamba. Nikamweleza kwa utulivu kwamba si kamba. Ni nyaya nene za chuma ndani ya jamvi la zege linalobeba nyumba, zimevutwa kwa mashine zikakazwa, nazo ndizo zinazolibana zege lisiachane. "Kumbe imeanikwa kama shuka!" akasema. "Na siku kamba ikikatika, shoga yangu?"

Alhamisi anarudi na kamati kukagua sakafu. Kamati ni yeye. Sakafu isipofaa, fainali inahamia kwake.

Haihamii!

Alvin, mume wangu, anasema nisihangaike. Udongo wetu huu mweusi wa hapa Ennis, Texas, ukikauka unanywea, ukilowa unavimba. Kiangazi mtu huinywesha nyumba yake kama anavyomnywesha ng'ombe wake. Kidogo kidogo, pande zote nne. Ndivyo alivyotuambia aliyetuuzia. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Lakini pande nne za nini, wakati uliozama ni mmoja?

Jumanne, 8 Agosti

Joto. Majani ya uani yanalia yakikanyagwa.

Nimetandaza mpira wa maji wenye matundu chini ya ukuta wa jikoni, kuanzia chumba chetu hadi dirisha la choo cha wageni. Mji unaruhusu kumwagilia saa mbili tu kwa siku. Saa mbili za nani? Nyumba yangu ina kiu ya miezi mitatu. Nikafungulia baada ya kifungua kinywa, nikafunga wakati wa chakula cha jioni.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakusema uzibe na nini. Nimeziba kwa dawa ya meno. Rangi imelandana kabisa na marumaru. Jikoni sasa panatoa harufu ya mnanaa.

Alvin akauliza maji yanakwenda wapi. Nikamwambia nanywesha mawaridi. Akauliza mawaridi gani, maana yetu yalikufa mwezi wa sita na yeye ndiye aliyeyazika.

Jumatano, 9 Agosti

Anga nyeupe kama sufuria.

Chungwa limepunguza mwendo! Lilifika meza ya chakula likasitasita, kama mgeni asiyejua amekaribishwa au la. Nikaongeza mpira wa pili.

Adhuhuri nikapata wazo bora zaidi. Kama nyaya zinabana zege kwa ndani, kwa nini nisilibane kwa juu? Kipande cha bati nene, skrubu nne, juu ya ufa. Zulia juu ya bati. Nikaenda kujaribu kwanza gerejini, ambako hakuna atakayeona. Nikasogeza friji la nyama, nikapiga magoti, nikawasha mashine ya kutobolea.

Sijawahi kumwona Alvin akikimbia tangu tuoane. Alitoka bafuni na taulo, na taulo hakufika nalo. Akachomoa waya ukutani. Akanionyesha nilipopigia magoti: maandishi yamegandamizwa kwenye zege lenyewe, herufi kubwa, kwamba usikate wala usitoboe, chini kuna nyaya zilizokazwa. Miaka yote hii friji limeyakalia.

Akanieleza, bado bila taulo, habari ya jamaa wa mtaa wa pili aliyetaka kuchimbia kasha la fedha sakafuni. Waya ulikatika ukatoka ubavuni mwa nyumba kama nyoka aliyetukanwa, ukatoboa uzio. Akasema: "Rosalie, mke wangu, nakupenda. Lakini hiyo mashine nipe."

Nimempa. Mke mwema hukubali. Isitoshe, maji yanatosha.

Alhamisi, 10 Agosti

Asubuhi kaupepo kadogo. Nimekachukua kama dalili.

Ufa umefumba! Nimepitisha ukucha, haushiki. Dawa ya meno imesukumwa nje ikakauka kama uzi mweupe, nimeipangusa. Chungwa limekaa pale nilipoliweka. Nimeliweka mara ya pili. Limekaa! Nimekaa nalo chini kidogo, tumetazamana.

Bernadine kafika saa tisa na pimamaji ya marehemu mumewe, imefungwa kwa kitambaa cha meza. Akailaza jikoni: kipovu katikati. Sebuleni: katikati. Akaigonga kwa kidole, akaitikisa, akailaza tena. Katikati! Akasema labda imezeeka. Nikamwambia labda, pole sana, na nguzo zinaendeleaje?

Akaomba choo. Alipotoka mlango ulisugua fremu, khhh. Akasema mlango wangu unakohoa. Nikasema ni unyevu wa hewa. Unyevu, Agosti, Texas! Akanitazama. Lakini pimamaji ilikuwa imesema, na mbele ya pimamaji ya marehemu hana ubishi. Fainali inabaki hapa.

Nimekunywa glasi mbili za chai ya barafu nikiwa nimesimama katikati ya jikoni langu.

Ijumaa, 11 Agosti

Joto la kawaida. Siku njema.

Mtu mwingine angefunga maji. Lakini mimi huwa sifanyi kazi nusu. Kama siku tatu zimeleta haya, siku mbili zaidi zitaifanya nyumba iwe imara kabisa. Nimefungulia yote miwili mpaka mwisho.

Nimeoka kolache, vile vimkate vitamu vya Kicheki, trei nne, za aprikoti na za jibini. Alvin kawasha moto wa mwaloni kwa ajili ya kifua cha ng'ombe. Kitakaa kwenye moshi mpaka kesho. Aliporudi ndani akasema miguu yake inajisikia inapanda mlima kwenda jikoni. Nikamwambia ni umri.

Nikajaribu chungwa pasipo yeye kuona. Limetoka jikoni likaenda mlango wa mbele.

Si neno. Hakuna atakayeleta chungwa kwenye dhumna.

Mlango wa choo cha wageni sasa unataka bega. Nimeupaka sabuni ya kipande pembeni. Wilma Jean, mwenzangu katika mchezo, alikuja kufanya mazoezi akauingia akatoka, akasema unafunguka ukiutukana kidogo. Wilma Jean ni mtu wa kanisa. Sijui aliutukanaje.

Jumamosi, 12 Agosti

Kumekucha kweupe, njiwa wakilia kwenye nyaya za umeme. Nimeandika haya jioni, miguu ikiwa ndani ya beseni.

Watu walifika wote. Nyama ilikatika kwa uma. Kolache zilisifiwa hata na padri, ambaye mama yake ndiye aliyemfundisha kila mtu hapa kuzioka. Mechi za mwanzo tulizipita mimi na Wilma Jean kama maji. Fainali: sisi na Bernadine na kaka yake Ladislav. Sita kwa sita. Atakayechukua mzunguko mmoja zaidi ndiye bingwa.

Bernadine akaomba dakika moja. Akaenda choo cha wageni.

Mlango ukajifunga. Haukufunguka.

Kwanza alisukuma kistaarabu. Kisha tukamsikia: "Rosalie! Huu mlango wako haukohoi tena, umekufa!" Ladislav akapiga bega. Alvin akapiga bega. Fremu imeubana kama bakuli lililokwama ndani ya jingine. Nikakumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba kwa kanuni za chama asiyekuwepo mezani amepoteza. Padri akanitazama. Nikasema nakumbusha tu.

Bernadine naye alikumbuka kanuni, tena alizitunga yeye. Akapiga kelele kutoka ndani kwamba kanuni zinasema mezani, hazisemi meza iwe wapi. "Leteni meza hapa dirishani, nyie! Kwani nimelemaa?"

Kanisa zima likashangilia. Wanaume wakabeba meza nje, wakaizungusha nyumba, wakaiweka chini ya dirisha la choo. Chini ya mipira yangu. Penye siku tano za maji.

Nikachukua kiti changu, nikawafuata.

Tukakaa. Bernadine akatokeza dirishani kama malkia kwenye sarafu, dhumna zake saba zimesimama kwenye kizingiti. Mimi na Wilma Jean tukasimamisha zetu mezani, migongo ikiwatazama wapinzani. Nilikuwa na mkono mzuri, Mungu wangu, mkono ambao mtu hupewa mara moja! Nikaahidi pointi nyingi sana, Wilma Jean akatabasamu, Bernadine akasita.

Ndipo miguu ya meza ikaanza kwenda. Taratibu. Udongo mweusi hauna fujo, unameza tu. Kwanza upande wangu, kisha wa Wilma Jean. Nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kiti changu nacho kikashuka. Dhumna zetu kumi na nne zikayumba, zikalala chali zote, uso juu, zikateleza na kupangana mbele ya dirisha. Bernadine akazisoma kutoka juu bila haraka, kama mtu anayesoma bei za vyakula.

Wilma Jean akataka tuchanganye upya. Padri akasema dhumna zilizolala zimelala.

Nilicheza nikiwa ndani ya tope mpaka vifundoni. Bernadine alijua kila nilichonacho. Alitushinda kwa jiwe lake la mwisho, akalipiga kizingitini hata kioo kikatetemeka. Kisha Alvin na Ladislav wakamtoa kupitia dirishani. Wakamtua chini. Akazama hadi magotini. Mguu wa kushoto ulitoka, kiatu kimebaki.

Nikafikiri sasa atanila mbichi. Akanitazama, akatazama mipira, akatazama mguu wake. Akacheka! Akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, tukambeba hadi barazani. Tulioshea miguu kwenye beseni moja, yeye amekula kolache za aprikoti nne. Akasema tangu aingie chama hajafurahi hivi, na watu wote wakadakia hivyohivyo. Mwakani iwe hapahapa, wakasema. Bernadine akainua mkono: iwe hapa, ila kwa sharti kwamba sakafu iwe sawa na milango ifunguke, na kwamba yeye atakuja na gambuti.

Hapa! Mwakani tena! Nimeshindwa na nimeshinda siku moja.

Jumatatu, 14 Agosti

Jua limetoka na wingu moja dogo, limepotea kabla ya chai.

Alvin ameita mhandisi bila kuniuliza. Bwana Ochoa, mtu mpole, kofia mkononi. Alikagua gereji, akazunguka nyumba nje, akapima kila chumba kwa chombo chenye mpira mrefu. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa nimejiandaa kwa habari ya nyaya zilizokatika.

Nyaya zote nzima. Jamvi zima. Ufa ule wa kwanza, akasema, karibu kila jamvi linao. Zege likikauka hujikunja kidogo na nyaya hulishika, kwa hiyo mtu hupaswa kuutazama tu, basi. Na upande wa jikoni kuzama kidogo kiangazi hiki? Kila nyumba mtaani. Tatizo la sasa ni jingine: upande mmoja umelewa na mwingine una kiu. Akatazama mipira kupitia dirishani. Akauliza kwa adabu ni nani.

Alvin akatazama dari.

Bwana Ochoa akasema: "Mama, nyumba yako haina ugonjwa. Ina daktari." Alvin alicheka mpaka akaenda kukaa nje. Ushauri: funga maji yote, acha udongo utulie wenyewe hadi mvua za Oktoba. Baada ya hapo, pande zote nne, kidogo, polepole. Mlango utafunguka wenyewe.

Mtu mwenye akili sana. Nimemfungia kolache aende nazo. Nimefunga maji mbele ya macho yake.

Jumanne, 15 Agosti

Asubuhi tulivu, anga safi, joto la kupendeza kwa asiyetoka nje.

Nimekaa na maneno ya Bwana Ochoa kutwa nzima. Kadiri ninavyoyafikiri ndivyo ninavyoona tumekubaliana. Upande mmoja umelewa, mwingine una kiu. Ni maneno yake, si yangu. Sasa mwenye kiu anapewa nini?

Na Oktoba ni mbali. Bernadine atakuja na ile pimamaji, na safari hii hatakubali kubahatisha. Nina mwaka mzima; kosa langu lilikuwa kuanza Jumanne kwa fainali ya Jumamosi. Anayeanza mapema hamwagi tope.

Baada ya chakula Alvin alisinzia mbele ya mpira wa besiboli. Nikahamisha mipira yote miwili kwenda upande wa mbele, chini ya madirisha ya sebule, nikaongeza wa tatu wa jirani, ambaye yuko likizo na hautumii. Nikakaa kidogo barazani kuusikiliza udongo ukinywa. Sauti nzuri. Kama ng'ombe zizini.

Mhandisi alisema polepole, na mimi nimefungulia polepole. Nitafunga nikiridhika.

Nalala sasa, saa tano na robo usiku, kwa amani kubwa.